Ubao wa kafi Pemba: Chagua bahari kwanza, ubao baadaye

Na Mwandishi Wetu, Pemba

MTU anayesimama wima juu ya ubao mpana, kafi moja ndefu mikononi, akiteleza taratibu juu ya maji, si kioja tena katika ufukwe wa Paje kule Unguja wala katika hori ya Mida huko Watamu, nchini Kenya. Kisiwani Pemba, ambako watalii ni wachache kuliko Unguja, mchezo huo bado ni wa watu wa kuhesabika, na anayetaka kuuanza hana budi kujua mambo kadhaa kabla hajatoa fedha zake mfukoni.

Miongozo mingi inayopatikana kwenye intaneti huanza na ubao: urefu wake, upana wake, rangi yake na bei yake. Miongozo hiyo iliandikwa kwa ajili ya watu wa maziwa na mito ya Ulaya na Marekani. Kwa mkaazi wa Ole, kaskazini ya mji wa Chake Chake, swali la kwanza ni jingine kabisa: atashuka pwani ya mashariki au ya magharibi, mwezi gani na saa ngapi.

Swali hilo si la mapambo. Katika kisiwa ambacho kilipoteza watu wake wengi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ilipozama meli ya MV Spice Islander I ikitokea Unguja, hakuna haja ya kumweleza mtu kwamba bahari haina mzaha.

Mchezo mpya, ujuzi wa zamani

Mchezo wenyewe chimbuko lake la karibu ni Hawaii. Katikati ya karne ya 20, walimu wa kuteleza juu ya mawimbi katika ufukwe wa Waikiki walikuwa wakisimama juu ya mbao zao na kushika kafi ili waweze kuwaona vizuri wanafunzi wao na kuwapiga picha. Mtindo huo ulififia, ukafufuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na wachezaji wa huko huko Hawaii, wakiwemo Laird Hamilton na Dave Kalama, kisha ukaenea dunia nzima kwa kasi ambayo haikutarajiwa.

Kuenea huko kulizua ugomvi. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa mawimbi na lile la mitumbwi yaligombania nani awe msimamizi wake, hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilipoamua mwaka 2020 kwamba katika ngazi ya Olimpiki usimamizi uwe wa shirikisho la mawimbi.

Hata hivyo, kusimama ndani ya chombo chembamba na kukisukuma si jambo ambalo mtu wa pwani ya Uswahilini anahitaji kufundishwa na mgeni. Mvuvi wa Pemba anayevuka maji machache kwa pondo, miguu imetanuka kidogo, magoti yamelegea, macho yako mbele, anafanya jambo lile lile. Tofauti ni kwamba mtumbwi una mbavu za kumkinga na pondo lina ardhi ya kuegemea, ilhali ubao hauna ukingo wowote na kafi haigusi chini.

Kwa hiyo mwalimu bora wa somo la kwanza, yaani somo la bahari, yumkini si yule mwenye cheti kutoka ng'ambo bali mzee mwenye ngalawa. Huyo anajua mkondo unapopita na mwamba unapojitokeza. Ubao tu ndio asioujua, na huo hujifunzwa kwa wiki moja.

Pepo mbili, pwani mbili

Pemba ina urefu wa kilomita zipatazo 67 na upana wa kilomita 20 na kidogo. Kutoka Ole mtu anaweza kufika pwani zote mbili kwa mwendo mfupi wa gari, mashariki katika vijiji kama Vitongoji na Kangagani, au magharibi katika hori ya Chake Chake na bandari ndogo ya Wesha. Urahisi huo ni neema, lakini pia ni mtego.

Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kwa kawaida kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, na huwa kali zaidi kati ya Juni na Agosti. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi. Msomaji atazame ramani na ataona jambo moja: pepo zote mbili zinatoka upande wa mashariki.

Maana yake ni kwamba pwani ya magharibi ya Pemba karibu mwaka mzima iko kwenye kivuli cha upepo. Maji yake ni tulivu na yanang'aa kama kioo, na kila anayeanza atavutiwa nayo. Lakini upepo pale unatoka nchi kavu kuelekea baharini. Mita 50 za mwanzo hauonekani kwa sababu minazi na vilima vinauzuia. Mita 300 mbele unashika mgongo wa mtu aliyesimama kama tanga, na mbele yake ni Mkondo wa Pemba, wenye upana wa kilomita zipatazo 50 hadi bara na kina kinachozidi mita 800 katika baadhi ya sehemu.

Safari ya kwenda Kisiwa cha Misali kutoka Wesha ni mfano mzuri. Kwa mtu mwenye ubao, kwenda ni starehe kwani upepo unamsukuma. Kurudi ndipo anapogundua kwamba mwili wake uliosimama unakamata upepo kuliko kafi inavyokamata maji. Safari hiyo si ya mtu wa mwezi wa kwanza, na hata mzoefu aifanye akiwa na mashua inayomfuata.

Pwani ya mashariki ina sura nyingine. Huko upepo unatoka baharini na kumrudisha mtu nchi kavu, jambo ambalo kwa anayeanza ni bima kubwa. Tatizo lake ni mawimbi yanayopasuka kwenye mwamba wa nje na eneo pana la ndani ambalo maji yakipwa hubaki mchanga, majani, mawe makali na wale wadudu wa miiba mirefu myeusi ambao kila mtoto wa pwani amewahi kukanyaga angalau mara moja.

Hivyo basi, kwa anayeanza, mahali panapofaa ni pawili. Kwanza ni ndani ya mwamba upande wa mashariki, maji yakiwa yamejaa, siku ambayo upepo ni mdogo. Pili ni ndani kabisa ya hori za magharibi, kwenye mikoko, ambako hata upepo ukimsukuma mtu atakwama kwenye mti kabla hajaiona bahari kuu. Katikati ya hayo mawili, yaani ufukwe wa wazi wa magharibi, paachwe hadi mtu ajue kupiga kafi dhidi ya upepo kwa nusu saa bila kupumzika.

Majira mazuri zaidi ni maleleji, kile kipindi kifupi baina ya pepo mbili, Machi hadi Aprili na tena mnamo Novemba, ingawa mvua za masika na vuli nazo zina kawaida ya kuharibu mipango. Wakati wa kusi, asubuhi mapema ni afadhali kuliko mchana. Kipimo kinachotumiwa na wakufunzi wengi ni kwamba upepo ukizidi kilomita 18 kwa saa, anayeanza abaki nchi kavu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari kila siku, lakini ikumbukwe kuwa tahadhari zake huhusu pepo za kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, viwango vinavyolengwa vyombo. Kukosekana kwa tahadhari si ruhusa kwa mtu mwenye ubao.

Mwezi ndio kalenda

Bahari ya Pemba hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hukaribia mita 4. Kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa dakika zipatazo 50. Wavuvi hawahitaji jedwali la kuchapishwa kwa sababu tarehe ya mwezi wa Kiislamu inawatosha.

Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku moja au mbili zinazofuata, ni bamvua. Katika maji ya Zanzibar, siku hizo bahari hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi. Anayetoka Ole asubuhi ya siku hiyo kwenda pwani ya mashariki na ubao wake atakuta amebeba ubao kwenda kutazama mchanga.

Wiki moja baadaye, tarehe 7 hadi 9 na tena 22 hadi 24 za mwezi, ni maji mafu. Hapo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, mikondo ni dhaifu, na bahari hujaa karibu na saa 4 asubuhi, wakati ambapo upepo mara nyingi haujapata nguvu. Kwa mtu anayejifunza, hizo ndizo siku zake: maji ya kutosha, mkondo mdogo, upepo mdogo. Zikimpita, asubiri nyingine.

Katika hori za mikoko mkondo wa bamvua una nguvu za kushangaza, hasa maji yanapotoka. Anayeingia humo aanze kwenda dhidi ya mkondo, ili akichoka mkondo umrudishe alikotoka.

Ubao wenyewe

Baada ya hayo ndipo ubao unapokuja. Mbao ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ngumu, povu jepesi lililofunikwa kwa nyuzi za kioo na gundi ya epoksi. Ya pili ni ya kujazwa upepo, yenye maelfu ya nyuzi ndani zinazounganisha uso wa juu na wa chini ili ukijazwa usivimbe kama boya la gari bali ubaki bapa.

Ubao mgumu huteleza vizuri zaidi na husikia mkono haraka. Lakini una urefu wa zaidi ya futi 10, hauingii kwenye daladala, na ukigonga jiwe mara moja hupasuka na kuanza kunywa maji. Ule wa kujazwa hukunjwa na kuwekwa kwenye mkoba wa mgongoni wenye uzito wa kilo 10 hadi 15 pamoja na pampu yake. Kwa mkaazi wa Ole, ambaye si lazima awe na gari wala nyumba ufukweni, huo ndio unaofaa.

Kasoro yake ni uvivu wa watu kupampu. Ubao wa namna hii unahitaji shinikizo la pauni 12 hadi 15 kwa kila inchi ya mraba, na pauni za mwisho ndizo zinazotoa jasho. Wengi huishia 8 au 9, ubao ukajikunja katikati kama mkeka, kisha wakasema mchezo ni mgumu. Njia rahisi ya kuupima ubao dukani au kwa muuzaji wa mtumba ni kuujaza kikamilifu, kuuweka juu ya viti viwili, kila ncha kiti chake, na kuukandamiza katikati. Usiotikisika sana ni mzuri.

Kwa vipimo, anayeanza atafute urefu wa futi 10 hadi 11, upana wa inchi 32 au zaidi kidogo, na unene wa inchi 5 hadi 6. Upana ndio unaompa mtu utulivu, na urefu ndio unaompa mwendo wa kunyooka. Mbao nyembamba za inchi 28 na omo iliyochongoka ni za mashindano na safari ndefu, na ni kupoteza fedha kuzinunua kwa kuwa tu zinapendeza machoni.

Kipimo kisichotajwa sana na wauzaji ni ujazo, unaohesabiwa kwa lita. Hesabu yake haihitaji elimu kubwa: lita moja ya ubao hubeba takribani kilo moja. Mtu wa kilo 75, ubao wa kilo 10 na vitu vya kilo 5 ni kilo 90, kwa hiyo ubao wa lita 90 utaelea lakini uso wake utakuwa sawasawa na maji, na mtu atayumba kama mlevi. Anayeanza atafute angalau mara mbili ya jumla hiyo, yaani lita 180 na kuendelea. Mbao nyingi za kujazwa za ukubwa uliotajwa zina lita 250 hadi 300, zinazomtosha hata mtu mnene au mzazi anayempakia mtoto mbele.

Chini ya tezi ya ubao kuna mapezi, moja au matatu, yanayouzuia usizunguke ovyo. Pezi refu la inchi 9 ni zuri katika maji ya kina, lakini katika maji machache ya mashariki ya Pemba hukwama kila mara, na ubao ukisimama ghafla mtu huendelea na safari peke yake. Achague ubao wenye mapezi yanayotolewa, na awe na jozi fupi.

Wapo wenye kujiuliza kama fundi wa hapa anaweza kutengeneza ubao. Anaweza. Mmarekani Tom Blake alipata hataza ya ubao wenye uwazi ndani mapema miaka ya 1930, na mbao za namna hiyo zilitumika kwa miongo kadhaa kabla ya povu. Fundi ajuaye kuunda mashua atamudu mbavu nyepesi, plaiwudi nyembamba, gundi nzuri ya kuzuia maji na kizibo cha kutolea maji yanayopenya. Ubao huo utakuwa mzito, pengine mara mbili ya wa kiwandani, na haufai kwa anayeukokota kutoka Ole. Kwa aishiye ufukweni ni jambo la kujaribu.

Kafi, koti na kamba

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, walisema wahenga. Kafi ya mchezo huu inatakiwa iwe ndefu kuliko mtu kwa sentimita 20 hivi. Asimame, anyooshe mkono juu, na mpini ufike kwenye kifundo cha mkono. Kafi ya alumini ni rahisi lakini huchosha mabega, na nyingine huzama zikijaa maji, hivyo ijaribiwe kwenye ndoo au kisimani kabla ya kuaminiwa. Ya nyuzi za kioo ni ghali kidogo na ni bora.

Bapa la kafi limepinda kidogo kutoka kwenye mpini. Karibu kila anayeanza hulishika kinyumenyume, mpindo ukimwelekea, kama anayepakua wali. Mpindo uelekee mbele.

Koti la kuokolea maisha si la waoga. Nchini Marekani, Walinzi wa Pwani waliamua tangu mwaka 2008 kwamba ubao huu ukitumika nje ya eneo la kuogelea na la mawimbi ni chombo cha majini, na mwenye nao lazima awe na koti. Anayejua kuogelea na asiyejua wote wavae. Koti lishikwe mabegani na kuvutwa juu kwa nguvu, na likipanda hadi masikioni ni kubwa mno.

Kisha kuna kamba inayomfunga mtu na ubao wake, na hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Baharini kamba hiyo huokoa maisha: mtu akianguka, upepo hauwezi kuuchukua ubao, na ubao ndio boya lake kubwa. Pasipo kamba, ubao mtupu hukimbia kwa kasi ambayo hakuna muogeleaji wa kuifikia.

Lakini kamba hiyo hiyo huua. Oktoba 30, 2021, kundi la watu waliokuwa katika safari ya mbao hizi kwenye Mto Cleddau, mjini Haverfordwest nchini Wales, lilipita juu ya ukingo wa kuzuia maji wakati mto umefurika. Watu 4 walifariki. Wachunguzi wa ajali za majini wa Uingereza walieleza miongoni mwa mengine kwamba baadhi yao walikuwa na kamba za kufunga mguuni, ambazo katika maji yanayokwenda kasi mtu hawezi kuinama na kuzifungua. Mwaka 2025 aliyeongoza safari hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka 10 na miezi 6.

Pemba haina mto wa namna hiyo, lakini ina vitu viwili vinavyofanana nao: mizizi ya mikoko wakati wa mkondo wa bamvua, na kamba za mwani. Ubao ukipita upande huu wa mzizi na mtu upande wa pili, mkondo humkaza pale pale. Kwa sababu hiyo, katika ufukwe wa wazi kamba ya mguuni inatosha, ila ndani ya hori zenye mkondo ifungwe kiunoni kwa mkanda unaofunguka kwa kuvutwa mara moja. Mkanda huo si ghali na ni wa kununua pamoja na ubao, na mtu aufanyie mazoezi ya kuuvuta akiwa amefumba macho.

Kuogelea na mavazi

Kuishi kisiwani si sawa na kujua kuogelea, na wapo wengi Pemba waliozaliwa kilomita 3 kutoka baharini ambao maji yakifika kifuani hurudi nyuma. Hali hiyo ni kubwa zaidi kwa wanawake. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya staha, na umeonesha kuwa stara na bahari havigombani.

Jambo la kuepuka ni nguo pana. Buibui au kanga ikilowa hujifunga miguuni na kuwa nzito, na mtu hawezi kupanda tena juu ya ubao. Nguo ya kubana kiasi, ya mikono mirefu na suruali, iliyotengenezwa kwa kitambaa kisichonyonya maji, hustiri, huzuia jua, na huacha miguu huru. Viatu vyepesi vya maji ni vya lazima upande wa mashariki.

Somo la kwanza

Anayeanza aingie hadi maji yafike mapajani, mahali penye mchanga, na auweke ubao pasipogusa pezi chini. Apande kwa magoti, katikati, pale penye mshikio, na apige kafi akiwa amepiga magoti kwa dakika 10 au zaidi. Hakuna haraka. Ubao usiposonga huyumba, na ukisonga hutulia, kama baiskeli.

Kisha ainuke mguu mmoja baada ya mwingine, miguu iwe upana wa mabega na mshikio ukiwa katikati yake, magoti yalegee, na macho yatazame mstari wa bahari na mbingu. Anayetazama vidole vya miguu ataanguka, na hilo halina mjadala. Kafi itumbukizwe mbele, bapa zima lizame, ivutwe hadi usawa wa kifundo cha mguu na itolewe. Ikivutwa kupita hapo hugeuza ubao tu. Mapigo matatu au manne upande mmoja, kisha upande wa pili, mkono wa juu ukibadilika kila mara.

Kuanguka ni sehemu ya somo. Aanguke ubavuni, mbali na ubao, mwili ukiwa bapa, asiruke kwa miguu, kwani chini yaweza kuwa mawe. Kupanda tena ndiko kunakohitaji mazoezi zaidi kuliko kusimama: ashike mshikio wa katikati, aache miguu ielee nyuma, apige teke na ajivute kifudifudi. Afanye hivyo mara 10 mahali pa kina kidogo. Asiyeweza kupanda peke yake asivuke kina cha kifua chake.

Safari yoyote ianze dhidi ya upepo, ili kurudi kuwe rahisi. Upepo ukipanda ghafla, apige magoti, na ukizidi alale kifudifudi na kupiga maji kwa mikono, kwa kuwa aliyelala hakamatwi na upepo. Akishindwa kurudi, asiuache ubao na kuogelea. Ubao huonekana kutoka mbali na unaelea, kichwa cha muogeleaji hakionekani. Simu iwe katika mfuko usiopenya maji, ikiwa imefungwa mwilini. Namba ya dharura ni 112, na kikosi cha KMKM ndicho chenye boti za uokozi Zanzibar. Kabla ya yote hayo, mtu wa nchi kavu awe anajua ameingia wapi na atatoka saa ngapi.

Shamba la mtu si uwanja

Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hulimwa Pemba, na walimaji wengi ni wanawake. Vijiti na kamba zao huwa kwenye yale maji machache tulivu ambayo anayeanza anayatafuta, na maji yakijaa havionekani. Pezi moja linaweza kukata kamba nzima iliyobeba kazi ya wiki kadhaa. Ni busara kushuka kwanza maji yakiwa yamepwa, kuyaona mashamba yalipo, na kuwauliza wenyewe njia ya kupita. Vivyo hivyo kwa nyavu na madema. Upande wa magharibi, maji ya Misali na jirani zake ni eneo la hifadhi lenye taratibu zake na malipo kwa wageni, na ofisi husika iulizwe kabla ya safari.

Kununua na kutunza

Mbao za kujazwa huuzwa ng'ambo kwa dola za Marekani 200 hadi zaidi ya 1,000. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi zina tabaka moja la plastiki na mishono dhaifu. Njia nafuu ni mtumba unaotoka kwenye hoteli zinazobadilisha vifaa vyake. Mnunuzi aujaze ubao hadi mwisho na auache saa 24 kivulini kabla ya kulipa. Ukilegea, aupake maji ya sabuni kwenye mishono na kizibo, na povu litamwonesha panapovuja. Tundu dogo hutengenezeka kwa kiraka na gundi ya plastiki hiyo, bali mshono ulioachia ni sababu ya kumrudishia mwenyewe mali yake.

Jua la Pemba ni adui mkubwa kuliko mawe. Ubao uliojazwa asubuhi na kuachwa mchangani hadi adhuhuri huongezeka shinikizo kwa sababu hewa ya ndani hutanuka, na gundi ya mishono huachia. Utolewe upepo kidogo mara tu unapotoka majini, uoshwe kwa maji baridi, ukaushwe kivulini na ukunjwe bila kukazwa, mbali na panya.